Dirisha la Kanuni

Nilipoiandika programu ya mizani ya Hombolo
niliacha dirisha moja wazi,
nikaliita Kanuni, kwa herufi za kijani.
Nikamwambia Sechelela, karani:
humu utaandika mwenyewe.
Bei ikipanda, andika. Ushuru ukishuka, andika.
Usinipigie simu saa nne usiku
kwa ajili ya shilingi hamsini.

Nikamfundisha maneno manne:
kama, basi, vinginevyo, koma.
"Koma ya kwenye sentensi, au ya kumkomesha mtu?"
Ya kumkomesha, nikasema.
Akacheka, akaiandika kiganjani.

Sikumwamini. Niseme kweli.
Dirisha lile nililizungushia ua wa miiba, kama zizi:
kanuni iingie, ihesabu, itoke,
isiguse mafaili, isifute stakabadhi ya jana,
isivuke ua hata kwa kunywa maji.
Ikikosea ife peke yake,
programu iendelee kupumua.

Miaka mitatu. Kisha simu, mwezi wa nane,
upepo umebeba nusu ya shamba la mtu:
"Mashine yako imezeeka.
Nikibonyeza Hifadhi, nasonga ugali, naula,
narudi, bado inazunguka."

Nikaenda. Kreti zimepangwa hadi mlangoni,
zabibu nyekundu zimeshaanza kuita nyuki,
wakulima wananitazama
kana kwamba foleni ni mimi.

Nikafungua dirisha. Kanuni sitini na tatu.
Nilimwachia tano.

Kama sukari haijafika kumi na nane, basi bei ya pili.
Hiyo yangu.
Kama kreti ni ya mbao, basi toa kilo mbili,
kama imelowa, toa tatu na umwambie kwa nini.
Kama ni Jumapili, koma.
Kama mtumiaji ni mwenyekiti na jua limezama,
basi omba saini ya pili.
Kama anayepokea hela siye mwenye shamba,
basi uliza: mama mwenyewe yuko wapi?

Sikuifundisha programu kuuliza hivyo.
Kisanduku kinajitokeza katikati ya kioo
na maneno hayo hayo, na vitufe viwili:
Yupo. Sijui.

Nikaendelea kusoma, masikio yakiwaka,
kama mgeni aliyefungua kabati akitafuta kikombe
akakuta barua za nyumba ya watu.

Ya hamsini na nane ndiyo iliyotuchelewesha.
Kila stakabadhi, kabla ya kuhifadhiwa,
ilirudi mwanzo wa daftari, ikapita majina yote,
elfu kumi na moja na ushee,
kuona kama yupo wa kwa Chiloleti Mnyambwa
aliyepita bila kutambuliwa.
Juu yake maelezo, hayana hata nukta:

alileta kreti kumi na nne mwaka wa mvua ya mawe
hatukumlipa akafa
akija wa kwake alipwe kwanza

"Hajaja mtu?"
"Hajaja."
"Basi tuifute."
Sechelela akawa anatoa vumbi kwenye kibodi
kwa ncha ya khanga, herufi moja baada ya nyingine.
"Ulisema hapa ni pangu."

Nikavuta kiti.
Nikayapanga majina kwa ukoo, kanuni isitangetange;
nikaihamishia jioni, mara moja,
mizani ikishafungwa.
Chini ya mistari yake nikaweka wangu:
imehamishwa, haijafutwa.

Hifadhi.
Stakabadhi ikatoka kabla hajainua kidole.
Mlangoni mtu akapiga mluzi, foleni ikasogea,
na Mbeleje akatua kreti yake juu ya mizani:
ya mbao, inachuruzika.

Toa tatu, kioo kikasema.
"Na umwambie kwa nini," nikasema mimi.
"Anajua," akajibu Sechelela,
lakini akamgeukia, akamweleza, kwa Kigogo,
kilo kwa kilo.